Mti Huu Umetoka Wapi

Niliijua randa yake kabla sijamwona. Tulihamia Mwananyamala nikiwa darasa la nne, chumba na sebule nyuma ya ukuta wa matofali usiopigwa lipu, na asubuhi ya kwanza niliamshwa na sauti kutoka upande wa pili wa ukuta huo. Fyuuu. Kimya. Fyuuu. Kimya. Nilidhani kuna mtu anapumua, tena mtu mkubwa mno, amelala ubavu na mdomo wake uko karibu na matofali. Nilimwambia mama. Mama, aliyekuwa akitoa vyombo kwenye maboksi, akasema niende nikamwangalie huyo mtu mkubwa, na nikifika nisisahau shikamoo.

Hakuwa mkubwa. Alikuwa mfupi, mkavu, penseli juu ya sikio, na maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu kama mtu aliyesimama kwenye maji ya kina kifupi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa cherehani?"

Nilishangaa. Mama alikuwa ameijaribu cherehani yake jana yake jioni, kwa dakika chache tu, kuona kama haikuharibika njiani.

"Mwambie mama mkanda umelegea," alisema. "Nausikia unateleza."

Kumbe naye alitujua kwa sauti. Tangu siku hiyo nilimwita Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita. Jina lake halisi nililiona mara moja tu, juu ya bahasha, nami sitaliandika hapa.

Kazi yake ilikuwa milango. Vitanda na meza alitengeneza pia, akibanwa, lakini alivitengeneza kama mgeni anayemaliza chakula asichokipenda kwa ajili ya heshima ya mwenyeji. Mlango ulimfurahisha. Aliutembelea ukiwa umelala juu ya benchi, akauzunguka, akaugonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akasikiliza. Na kabla ya hayo yote, kabla hata ya kuugusa ubao, alikuwa na swali lake.

Mbao alizifuata mwenyewe Buguruni. Wauzaji wa kule walimjua, na walianza kucheka akiwa bado yuko mbali.

"Huyo anakuja, mzee wa uchunguzi."

"Habari za kazi, wanangu. Huu mninga umetoka wapi?"

"Fundi, unataka kuuoa? Sema tukutajie mahari."

"Mahari baadaye. Kwanza nijue kwao."

Wakimwambia Tabora, au Tunduru, au Kilwa, na akaona katika macho yao kwamba wanajua wanachosema, alinunua. Wakimwambia, "Sie hatujui bwana, umekuja na lori tu," alishukuru, akaaga, akaondoka mikono mitupu. Nimemwona akipoteza kazi tatu kwa mwezi kwa namna hiyo. Mama alimwambia zaidi ya mara moja kwamba maswali yake yatakuja kumlaza njaa. Alijibu kwamba njaa anaijua, haijawahi kumlaza vibaya.

Na mlango ukiwa tayari, umesimamishwa, bawaba zimekazwa, kitasa kimejaribiwa, alimwita mwenye nyumba akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetambulisha mchumba: "Mlango wako umetoka Tunduru. Usiupigize." Kisha anakusanya vifaa vyake.

Ami wa dukani hakumwachia. Ami alikuwa mtu wa asili ya Kiarabu, mzaliwa wa Dar kama baba yake na babu yake, na duka lake la kona lilitazamana na karakana ya Fundi. Siku aliyoletewa kabati jipya na kuambiwa kwamba limetoka Kilwa, alishika kiuno.

"Mie nimeagiza kabati la kuwekea sabuni. Sikuagiza historia yake."

"Basi sabuni zako zijue zinakaa kwa nani."

"Wapare bwana. Kesi ya kuku mnauza ng'ombe mumlipe wakili."

"Kuku ni kuku, Ami. Haki ni haki."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe alikuwa shahidi."

Walicheka wote wawili, na Ami akatoa kahawa. Utani huo ulidumu miaka mingi, na ninautaja kwa sababu ya siku ambayo ulikoma.

Fundi alikuwa mtu wa milima ya Upare. Juu ya kijiji chao, mahali ambapo mashamba ya migomba yanaishia, kulikuwa na msitu ambao ukoo wake ulikuwa umeulinda tangu wakati ambao hakuna aliyekuwa na haja ya kuutaja. Walikuwa na jina lake kwa lugha yao. Alinikataza kuliandika, na katika hilo angalau nimemtii. Haukuwa msitu mkubwa. Alisema mtu mwenye haraka angeuzunguka kabla uji haujapoa, ila hakuna aliyewahi kuuzunguka kwa haraka. Ndani mlikuwa na mivule na mikuyu, na chemchemi iliyoteremka hadi mashambani.

Habari za msitu huo nilizipata vipande vipande, na kila kipande nilikipata mikono yake ikiwa kazini. Akiacha randa, aliacha na hadithi. Nilijua kwamba ukifika ukingoni unavua viatu. Kwamba hutoki na kitu, hata kijiti kikavu cha kuchokonolea meno. Kwamba hakupigwi mluzi, na mtu akitaka kupiga chafya hujitahidi kuimeza. Kwamba kila mwaka, kabla ya mvua za vuli, mwanamume mmoja wa nyumba yao hufyeka njia ya kuingilia kwa mkono wake mwenyewe, peke yake, na mwanamume huyo tangu baba yake afe alikuwa ni yeye. Ndiyo sababu kila mwaka kabla ya vuli karakana ilifungwa wiki nzima, na sisi tuliozoea kupumua kwa randa yake tulilala vibaya.

Mambo mengine alikuja nayo mjini bila kujua amekuja nayo. Hakuelekeza kitu kwa kidole. Msitu hauonyeshwi kidole, kwa hiyo aliona salama zaidi kutoonyesha kidole kitu chochote, na alielekeza kwa ngumi iliyofungwa. Siku moja mgeni alipita akiulizia njia ya hospitali. Fundi akainua ngumi upande wa barabara. Yule mgeni akarudi nyuma hatua tatu, akasema, "Samahani mzee, nilikuwa nauliza tu," akaenda upande mwingine kabisa. Ami alikaa chini kwa kicheko.

Na hakuhesabu. Ukimuuliza ana watoto wangapi, alijibu, "Wapo." Ukimuuliza ametengeneza milango mingapi mtaani, alijibu, "Inafungwa." Kule kwao miti ya msitu ule haihesabiwi, ni mwiko, na mtoto anayekutwa akinong'ona namba katikati ya vigogo huondolewa kwa kuvutwa sikio.

"Sasa ukipima mlango si unahesabu inchi?" Ami alimuuliza.

"Kupima siyo kuhesabu, Ami."

"Tofauti yake nini?"

Fundi aliendelea kupiga randa, mara mbili, mara tatu, ndipo akasema: "Kupima unauliza kitu kinaishia wapi. Kuhesabu unauliza utachukua vingapi."

Nilikuwa kidato cha pili, nina daftari la maneno mazuri. Niliyaandika hayo usiku uleule kwa wino mwekundu. Niliyaona mazuri, basi. Sikujua kwamba ni maneno ya kufanyia kazi.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa na hasira za ghafla, na aliwahi kumtupia mteja gundi kwa sababu ya kuuita mkongo "hiki kibao chako". Jumamosi alifungulia redio nyimbo za singeli kwa sauti iliyotikisa vikombe vyetu kwenye rafu, na mama akipiga kelele juu ya ukuta, alijibu, "Dada yangu, mie msituni kwetu hata mluzi sipigi. Huku niache nipigiwe." Alikuwa mgumu kusifu. Na maisha yake yote, mlinzi huyu wa miti, aliishi kwa kuikata.

Hilo nilimuuliza siku moja, kwa ukali wa umri wangu wakati ule. Nilimwambia kwamba sielewi mtu anawezaje kuvua viatu mbele ya mvule mmoja na kuupiga msumeno mwingine.

Hakukasirika. Aliinua ubao, akaukazia jicho moja kuona kama umenyooka.

"Pale pakiwepo," alisema, "huku naweza kukata. Najua kuna mahali sigusi. Pale pasipokuwepo, mimi ni mwizi tu mwenye msumeno."

Maneno hayo nayo niliyaandika.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, niliposhindwa kumsaidia. Nasema nilishindwa, ingawa siku hiyo mtaa mzima ungeapa kwamba nimemsaidia sana.

Mwaka huo patasi ilikuwa imemwangukia mguuni na hakuweza kusafiri. Dada yake mkubwa, aliyebaki kijijini na ambaye ndiye aliyekuwa akiuangalia msitu kutoka ukingoni kwa miezi yote ambayo kaka yake hakuwepo, alimpigia simu. Kijiji kilikuwa kinapanga ardhi yake: mashamba wapi, malisho wapi, makazi wapi, misitu ya kuhifadhiwa wapi. Bwana misitu alikuwa amefika mwenyewe hadi nyumbani kwao. Alikuwa kijana mpole, dada alisema, alivua viatu bila kuambiwa. Aliacha fomu. Ikijazwa na kurudishwa kabla ya mkutano wa kijiji, msitu ungeingia kwenye ramani kama mali ya kulindwa, na hakuna ambaye angeweza kuugusa. Lakini fomu ilipaswa kujazwa na mwenye njia, na mwenye njia alikuwa amekaa Mwananyamala na bendeji mguuni.

Fomu ilikuja kwa basi, ndani ya ile bahasha niliyoitaja. Fundi alinipa niisome. Ilikuwa karatasi moja. Jina la kijiji. Mipaka yake: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Ukubwa, hata kwa hatua za miguu. Aina za miti. Na mstari wa mwisho: idadi ya miti mikubwa.

Alinitazama nikifika pale. Alikuwa amekwisha kuuona.

"Hii haiwezekani," alisema.

"Dada anasemaje?"

"Anasema tujaze. Anasema kijana yule ni mtu mwema." Alinyoosha mguu wake mbovu, akaukunja. "Mwema sikatai. Lakini baba alikufa hajui idadi. Babu alikufa hajui idadi. Nikihesabu mimi, nimeufanya kuwa stoo."

Kisha akaniambia, "Wewe unajua kuandika. Waandikie kwamba haihesabiwi. Andika kwa heshima."

Niliiandika barua ile kwa siku tatu. Sijawahi kuandika kitu kwa raha namna ile. Niliwaeleza habari za viatu ukingoni, na chafya inayomezwa, na chemchemi. Niliwaandikia: *Miti hii haihesabiwi, kwa kuwa anayehesabu amekwisha simama nje, na sisi tumezaliwa ndani yake.* Nilipomsomea, aliiweka randa kando. Ami alikuwa amevuka barabara kuja kusikiliza, na mama alikuwa amesimama kwenye upenyo wa ukuta na sindano mdomoni. Nilipomaliza, Ami ndiye aliyetangulia.

"Huyu mtoto ataandika vitabu."

Fundi alipitisha mkono usoni, vumbi la mbao likabaki kwenye kope. "Hivyo hivyo," alisema. "Ndivyo ilivyo."

Ningependa kusimulia kana kwamba yaliyobaki yalikuwa uamuzi wake. Lakini aliichukua fomu, akaigeuzageuza, akaniuliza mimi. Mzee wa watu, mwenye njia, alimuuliza binti aliyekuwa hajatimiza miaka ishirini.

"Na hii karatasi? Tuijaze kidogo? Unaonaje?"

Nilikuwa bado nasikia sauti yangu mwenyewe ikisoma. Karatasi ile, na mistari yake ya nukta, niliiona kama tusi kando ya barua yangu.

"Barua inatosha, Fundi," nilisema. "Fomu irudi tupu. Wataelewa zaidi."

Ikarudi tupu.

Yaliyotokea mkutanoni tulisimuliwa na dada kwa simu. Barua ilisomwa na mwenyekiti, ikaombwa isomwe tena. Watu walipiga makofi. Wazee wawili walilia. Bwana misitu naye alisimama akasema hajawahi kusikia maneno kama hayo. Akasubiri makofi yaishe, kisha akasema kwamba amesikitika, kwa sababu ramani haichori maneno, na yeye hana mpaka wa kuandika. Aliwaomba wampe hata hatua, hata jina la jiwe la kona. Wazee wakamwambia barua imekwisha sema yote, na barua imetoka kwa mwenye njia. Kwenye ramani sehemu ile ikaachwa nyeupe, kama eneo la wazi.

Kupima siyo kuhesabu. Nilikuwa nayo kwenye daftari, kwa wino mwekundu. Karibu mistari yote ya fomu ile, isipokuwa ule wa mwisho, ilikuwa inauliza kitu kinaishia wapi. Tungejaza mipaka, tungejaza hatua, na kwenye mstari wa mwisho tungeandika kwamba haihesabiwi, basi, neno moja. Fundi angekubali. Ni falsafa yake mwenyewe. Alihitaji tu mtu wa kumkumbusha, na mtu pekee aliyekuwa ameyahifadhi maneno hayo nilikuwa mimi. Jambo hilo lilinijia miezi mingi baadaye, ramani ikiwa imekwisha kupitishwa, nikiwa nasubiri zamu yangu Ubungo kwenye foleni ya kulipia maji, na nilitoka kwenye foleni nikakaa chini ukingoni mwa barabara.

Masika mawili yalipita. Mguu ulipona, Fundi alikwenda kufyeka njia kama kawaida, akarudi, randa ikapumua. Kisha mchana mmoja nikiwa naanika nguo niliisikia inasimama. Ilisimama vibaya, katikati ya msukumo, mahali ambapo hakuwahi kuisimamisha.

Nilichungulia juu ya ukuta. Alikuwa ameshika simu sikioni, hasemi. Kutoka kwenye simu ile ndogo, kwa mbali kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, nilisikia mashine ya kukatia miti. Dada yake alikuwa amesimama ukingoni mwa msitu, ameinyoosha simu mbele, anamsikilizisha kaka yake.

Fundi alisikiliza mpaka salio la dada likaisha. Kisha akaiweka simu juu ya benchi, taratibu, na kuipangusa vumbi.

Waliokuwa wanakata walikuwa na kibali. Kilikuwa na mhuri. Kilisema eneo la wazi. Watu wanaotaniwa nchi nzima kwa kupenda kesi hawakuwa na pa kuanzia kesi, kwa sababu mahakama yoyote ingewauliza msitu wao unaanzia wapi na kuishia wapi, na jibu lao lilikuwa barua yangu.

Fundi alisafiri usiku uleule. Alirudi baada ya siku nne, akakaa kwenye kigoda chake mbele ya karakana bila kufungua. Ami alivuka na kahawa. Mimi na mama tulikuja tukasimama.

"Pole, Fundi," Ami alisema. "Umekuta nini?"

Fundi alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Imebaki mitatu," alisema.

Sikuelewa kwa nini Ami aliinamisha kichwa, mpaka nilipojisikia mwenyewe nikilirudia neno hilo moyoni. Mitatu. Katika miaka yote hiyo sikuwa nimemsikia akihesabu mti.

"Jua linafika chini," akaongeza. Hakuna aliyemtania tena baada ya siku hiyo. Hakukuwa na makubaliano. Utani uliisha tu, kama chemchemi ile ilivyokwisha mwaka uliofuata.

Nilitaka kumwambia. Wiki ya kwanza nilijiambia amechoka. Mwezi wa kwanza nilijiambia nisimtoneshe kidonda. Kisha nikapata kazi, nikahama, na kuahirisha kukawa rahisi kama kupumua.

Mwaka jana mama alimaliza nyumba yake Goba, vyumba viwili, aliyoijenga tofali kwa tofali kwa mguu wa cherehani. Alikataa mlango wa dukani. Alisema mlango wa mbele ataufanya Fundi au nyumba itakaa na pazia. Akampigia simu, na Jumapili moja asubuhi Fundi akafika kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, amekaa nyuma na mlango wake, ameushika kwa mkono mmoja kama anavyoshikwa mgonjwa kwenye gari.

Nilimkimbilia. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mtoto wa cherehani."

Alikuwa amepungua. Nywele zilikuwa nyeupe, lakini penseli ilikuwa mahali pake. Alifanya kazi bila redio. Nilimshikia pimamaji, nikamwekea fremu sawa, na kwa saa mbili tuliongea mambo madogomadogo: Ami amemwachia mwanawe duka, karakana ukuta wake umepigwa lipu, mkanda wa cherehani bado unateleza. Mlango ulikuwa mzuri. Rangi yake ilikuwa ya asali iliyokaa, na mistari ya ubao ilipanda juu pamoja, bila kukatizana. Alikaza bawaba ya mwisho, akajaribu kitasa, akapangusa mikono kwenye suruali. Nilimwita mama asogee. Tulisimama wawili mbele yake, tunasubiri kutambulishwa.

Alianza kukusanya vifaa.

Mama alinitazama. Nilimwacha Fundi aweke randa, aweke patasi, afunge mfuko kwa kamba. Alipoinuka nikauliza mwenyewe.

"Fundi, mti huu umetoka wapi?"

Aliinamia tena fundo la kamba. "Sikuuliza," alisema.

Mama akasema anakwenda kuweka chai, akaingia jikoni, akakaa huko.

"Fundi," nilisema. "Ile barua."

"Enhe."

"Ile fomu tungeijaza. Mipaka tu. Ulishasema mwenyewe, kupima siyo kuhesabu. Mimi ndiye niliyekwambia irudi tupu. Nilikuwa nimeipenda barua yangu."

Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo kwa miaka mingi hivi kwamba yalitoka yamekauka, hayana hata kilio. Alinisikiliza kama alivyosikiliza mbao, kichwa kimeinama upande.

"Ilikuwa barua nzuri," alisema. "Dada anayo mpaka leo. Ameiweka kwenye Biblia. Wajukuu wakitaka kujua pale palikuwa na nini, huwasomea."

Alisema kwa upole. Hakukuwa na mkuki ndani ya maneno yake, nami ningetoa chochote ili uwepo. Kisha akaupigapiga ubao wa mlango kwa kifundo cha kidole, mara moja, kwa mazoea, na sikuona kama alisikiliza.

"Chai inakuja," nilimwambia.

"Mwambie mama nimeshukuru. Kirikuu kinanisubiri." Alitupa mfuko begani, akavuka kizingiti, akageuka na kushika kitasa kwa nje. "Niache niufunge mwenyewe. Nione kama unakwaruza."

Nilibaki ndani. Mlango ulikuja taratibu ukiupunguza mwanga sakafuni, haukukwaruza popote, ukajifunga.